Tongo la Jicho, Tongo la Mji

Msafiri anayetoka Tanga mjini kuelekea Pangani hufika Tongoni kabla hajamaliza kilomita 20. Akiiacha barabara na kuteremka upande wa bahari, huyaona makaburi kabla ya kuyaona maji. Ni makaburi yapatayo 40, yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, yamelizunguka gofu la msikiti. Wanaakiolojia huyahesabu magofu hayo kuwa ya karne ya 14 na ya 15. Baadhi ya makaburi yalisimamishiwa nguzo ndefu, na katika nguzo mlichongwa vishimo vya mviringo vya kupachikia bakuli za kauri kutoka ng'ambo. Leo nguzo nyingi zimelala chini, na vishimo vimebaki vitupu. Bakuli zimeng'olewa.

Jina la Tongoni aghalabu hufasiriwa kuwa ni mahali pa magofu, pa mji uliohamwa. Lakini mwenye kukijua Kiswahili anajua kwamba tongo ni pia ule uchafu unaoganda jichoni mtu anapoamka, au anapougua macho. Kama maneno hayo mawili yana asili moja, hilo waachiwe wanaisimu. Yatosha kwamba hutamkwa sawa, na kwamba kipo kisa cha kale, kilichofika pwani hii kwa jina la merikebu, ambacho ndani yake kaburi na jicho lililoota utando havitengani.

Merikebu hiyo ilikuwa ya Wareno. Mwezi wa Aprili 1498 vyombo vitatu vya Vasco da Gama vilikuwa vikipanda kaskazini kuelekea Mombasa. Usiku mmoja, karibu na alfajiri, São Rafael, iliyoongozwa na Paulo da Gama, nduguye Vasco, ilipanda mwamba mbele ya pwani ya Mtangata, ambayo Tongoni ni sehemu yake. Maji yalipopwa ikabaki kavu. Yalipojaa ikaelea tena. Wenyeji walikwenda na vyombo vyao wakawapelekea wageni machungwa, na mwandishi wa safari ile akakiri kuwa yaliyapita yale ya Ureno. Miamba ile, na milima ya Usambara inayoonekana kutoka baharini, ikapewa jina la merikebu.

Januari 1499, katika kurejea kutoka Bara Hindi, São Rafael ilirudi mahali palepale. Kiseyeye kilikuwa kimewaua mabaharia wengi katika kuvuka bahari, na waliobaki hawakutosha kuendesha vyombo vitatu. Wakapakua shehena, wakaitia moto. Sanamu ya mbao ya malaika Rafaeli iliokolewa, na sasa imo katika Makumbusho ya Bahari mjini Lisbon.

Wapenzi wa historia ya pwani wanakijua kisa cha merikebu. Lakini ni wachache waliopata kuuliza Rafaeli ni nani, na ni kwa nini baharia akipe chombo chake jina hilo.

Rafaeli ni malaika wa Kitabu cha Tobiti. Wakatoliki na Waorthodoksi wanakihesabu kitabu hicho katika Biblia. Waprotestanti hawakihesabu, wala hakimo katika Biblia ya Muungano iliyochapishwa mwaka 1952. Kwa hiyo wapo wasomaji wazuri wa Biblia ya Kiswahili, tangu Muheza hadi Moa, ambao hawajakutana nacho. Msomaji aliyekulia chuoni atamkumbuka Israfili, na wapo wataalamu wanaowalinganisha wawili hao. Hata hivyo, malaika wa Tobiti hana baragumu mkononi. Ni msafiri, huenda kwa miguu, na amejifanya kijana anayetafuta ujira wa siku.

Kisa chenyewe ni hiki. Tobiti ni mtu wa kabila la Naftali aliyechukuliwa mateka hadi Ninawi, mji mkuu wa Waashuru. Huko ugenini ana ada moja inayomponza: akimwona mtu wa kwao ameuawa na kutupwa nyuma ya ukuta wa mji, humchukua kwa siri akamzika. Mfalme Senakeribu huziulizia maiti, hazionekani. Tobiti anasengenywa, anakimbia, mali yake yote inatwaliwa. Mfalme anapouawa na wanawe mwenyewe, Tobiti anarudi. Siku ya sikukuu, chakula kimekwisha kuandaliwa, anamtuma mwanawe Tobia akatafute maskini wa kula naye. Kijana anarudi na habari ya maiti aliyelala sokoni. Mzee anainuka hajaonja kitu, anaificha maiti, na jua linapotua anachimba kaburi. Majirani wanamcheka kwamba hakomi. Usiku huo analala uani, kando ya ukuta. Shomoro walio juu wanamdondoshea machoni, utando mweupe unaota, naye anakuwa kipofu.

Katika umaskini wake anaikumbuka fedha aliyoiweka amana kwa mtu wa Rage, katika nchi ya Umedi. Anamtuma Tobia akaichukue, na Tobia anapata mwenzi wa njia, ambaye ni Rafaeli. Kwenye mto Tigri wanamvua samaki, na nyongo ya samaki huyo ndiyo inayopakwa machoni mwa mzee siku ya kurejea. Mwana anaubandua utando kwa mikono yake, kuanzia pembe za macho ya babaye. Tobiti anapoona tena, anayemwona kwanza ni mwanawe. Mwishowe malaika anajitaja jina, ambalo kwa Kiebrania maana yake ni Mungu huponya. Na katika mambo anayomkumbusha mzee, limo lile la kuacha chakula mezani na kwenda kuzika.

Kwa karne nyingi wasomaji wa kisa hiki waliijua Ninawi kwa jina tu. Kati ya mwaka 1847 na 1851 Austen Henry Layard alichimba kasri ya Senakeribu katika kilima cha Kuyunjik, mkabala na Mosul nchini Iraki. Katika chumba kimoja kuta zilikuwa zimefunikwa kwa mabamba ya mawe yenye picha za kutekwa kwa Lakishi, mji wa Yuda, mwaka 701 kabla ya Kristo. Mabamba hayo yako London, katika Jumba la Makumbusho la Uingereza. Wanaonekana wanawake na watoto wakihamishwa kwa magari ya ng'ombe, wanaume waliochomekwa juu ya miti, wengine wakichunwa ngozi, na mfalme amekaa kitini akipokea mateka na nyara.

Mabamba hayo hayathibitishi kwamba aliishi mtu aitwaye Tobiti. Yanaonyesha kwamba katika dola ile maiti ya adui ilikuwa tangazo. Ilichongwa ukutani ili wajumbe wa nchi nyingine waione, na iliachwa nje ya mji ili wenyeji waione. Msomaji ambaye hajaziona picha zile huweza kumdhania Tobiti kuwa mzee mwenye huruma tu. Akishaziona, anaelewa kwa nini mfalme aliziulizia maiti, na kwa nini kuchimba kaburi kulimgharimu mtu nyumba yake. Kumzika aliyetupwa kulikuwa kung'oa tangazo la mfalme. Neno moja, kuzika, ambalo jicho lilikuwa likilipita upesi katika ukurasa, sasa linasimama.

Hapa msomaji wa pwani ana la kuongeza. Kwa Waislamu wa Tanga na Pangani, kumwosha maiti, kumkafini, kumsalia na kumzika ni faradhi ya kifaya: wakiitimiza wachache, wote wamesalimika, asipotokea hata mmoja, mji mzima una dhambi. Kwa hiyo kile ambacho majirani wa Ninawi walikicheka kinaeleweka Tongoni bila tanbihi. Tobiti aliubeba peke yake wajibu wa mji mzima.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kuisifu akiolojia kuwa ni mtumishi mwema wa maandiko. Lakini huyo ni mtumishi asiyependelea. Kitabu kinamfanya Senakeribu kuwa mwana wa Shalmaneseri, ilhali wanahistoria wa Ashuru wanajua kuwa baba yake ni Sargoni. Kadhalika, katika matini yake moja ya Kiyunani, kitabu kinasema kutoka Ekbatana hadi Rage ni mwendo wa siku mbili. Miji yote miwili inajulikana: ya kwanza ni Hamadan, ya pili ni Rayy iliyo kando ya Tehran, na kati yake ni kiasi cha kilomita 300. Wataalamu wengi wanakisoma kitabu hicho kama hadithi ya mafundisho, iliyotungwa karne kadhaa baada ya Ninawi kuanguka mwaka 612 kabla ya Kristo.

Kujua hivyo hakukipunguzi. Ndani yake yumo Ahikari, waziri wa mfalme, ambaye Tobiti anamtaja kuwa mtoto wa nduguye. Mwaka 1906 na 1907 wachimbaji wa Kijerumani walipata katika kisiwa cha Elephantine, mbele ya Aswan katika mto Nile, mafunjo ya karne ya 5 kabla ya Kristo yenye hadithi na methali za Ahikari kwa lugha ya Kiaramu. Ikabainika kwamba mwandishi wa Tobiti alimkaribisha katika kisa chake mtu ambaye jina lake lilikuwa likizunguka midomoni tangu zamani. Alifanya kama mtungaji wa pwani anavyoweza kumpitisha Fumo Liongo katika ubeti mmoja bila kumweleza. Waliomsikiliza walijua yuko nani mbele yao.

Fundisho kubwa zaidi, hata hivyo, ni la watafsiri. Hieronimo, aliyekifasiri kitabu hiki kwa Kilatini, alisimulia kwamba alikitoa katika Kikaldayo, yaani Kiaramu, kwa kazi ya siku moja. Mjuzi wa lugha zote mbili alimgeuzia maneno kwa Kiebrania, naye akamtamkia katibu wake Kilatini. Baadaye asili ya kale ya Kiaramu ikapotea. Kilichobaki mikononi mwa watu ni Kiyunani, nacho cha namna mbili, kifupi na kirefu. Kile kirefu kimo katika hati ya karne ya 4 iliyotunzwa katika monasteri ya Mtakatifu Katerina huko Sinai. Wafasiri wengi, wakiwemo wale wa Kiingereza wa mwaka 1611, walikifuata kifupi, na walikuwapo wataalamu walioamini kuwa urefu ule ni nyongeza za wanukuzi.

Mwaka uleule wa 1952, Biblia ya Muungano ilipotoka bila Tobiti, Wabedui waliingia katika pango la Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, ambalo sasa huitwa pango la nne. Mlikuwa na maelfu ya vipande vya ngozi na mafunjo. Vilipopangwa na kusomwa, vilionekana vya Tobiti, vimetoka katika hati tano: nne za Kiaramu na moja ya Kiebrania. Vilichapishwa rasmi mwaka 1995. Havifanyi kitabu kizima, wala nusu yake. Lakini pale ambapo maneno yamesalia, kwa sehemu kubwa yanakubaliana na kile Kiyunani kirefu. Tangu hapo tafsiri nyingi mpya zimekiacha kifupi.

Mshairi hufundishwa kuwa neno lililopunguzwa ndilo lililokomaa. Katika jambo hili wapunguzaji ndio waliokuja nyuma, na yale maneno yaliyodhaniwa kuwa ya ziada yalikuwa ya kale. Kipande cha ngozi kisichojaza kiganja kimewarudisha watafsiri kwenye meza zao.

Pwani hii imeyajua maradhi mawili ya kusoma, na yote mawili yametibiwa kwa mwiko wa mchimbaji. La kwanza ni la mtu anayeliamuru gofu liseme anachotaka. Wareno, na wengine baada yao, walidhani kuwa Sofala ndiyo Ofiri ya dhahabu ya mfalme Sulemani. Mwaka 1871 Karl Mauch alipofika kwenye magofu ya Zimbabwe Kuu, alinusa kipande cha ubao, akasema ni mwerezi wa Lebanoni, na kwa hiyo jengo ni la Malkia wa Sheba. Biblia ikatumiwa kuwanyang'anya Waafrika kuta walizozijenga wenyewe. David Randall-MacIver mwaka 1905, na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929, walichimba wakaonyesha kuwa ni kazi ya wenyeji. Katika kundi la Caton-Thompson alikuwamo msichana aliyekuwa akipiga picha, jina lake Kathleen Kenyon. Huyo ndiye aliyeichimba Yeriko kati ya mwaka 1952 na 1958, akaonyesha kwamba kuta zilizodaiwa kuwa zile zilizoanguka siku za Yoshua zilikuwa za kale zaidi kwa karne nyingi. Alianzia Afrika, katika gofu lililosingiziwa Biblia, kabla ya kulipima kwa haki gofu la Biblia yenyewe.

La pili ni la mtu anayelidharau andiko kwa kuwa limepambwa. Tarihi ya Kilwa inasimulia habari za Washirazi waliokuja kwa majahazi, na Tongoni nayo ina masimulizi ya Washirazi. Kwanza wageni wasomi waliyapokea masimulizi hayo yote, wakaiona miji ya pwani kuwa makoloni ya Waajemi. Kisha likaja jembe. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, uchimbaji ulioongozwa na Mark Horton katika miaka ya 1980 ulikuta chini ya msikiti wa mawe misikiti midogo ya miti, mmoja chini ya mwingine, tangu karne ya 8, katikati ya vyungu vya wenyeji. Wengi wakahitimisha kuwa Shirazi ni jina la fahari tu. Mwezi wa Machi 2023 jarida la Nature likachapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya pwani kama Mtwapa na Manda. Katika wengi wa watu hao wa pwani ilionekana asili ya Kiafrika, iliyotoka hasa kwa akina mama, na asili ya Asia, kwa sehemu kubwa ya Kiajemi, iliyotoka kwa akina baba. Damu hizo zilianza kuchanganyika karibu na mwaka 1000. Tarihi haikusadikishwa neno kwa neno, wala haikufutwa. Ilikuwa imewakumbuka akina baba na kuwasahau akina mama.

Uchunguzi ule uliwezekana kwa sababu watu wale walizikwa, na makaburi yao yalikuwa bado mahali pake. Hapo ndipo Tongoni inapodai haki yake. Bakuli iliyojengewa katika nguzo humwambia mchunguzi jambo la hakika: ujenzi huo hauwezi kuwa wa kabla ya bakuli kufinyangwa. Bakuli hiyohiyo ikishang'olewa na kuwekwa katika kabati la mtu, ni pambo. Inabaki nzuri, na imenyamaza. Richard Burton, aliyepita hapo mwaka 1857, aliandika habari za kaburi lililokuwa na kigae chenye maandishi ya Kiajemi. Kigae cha namna hiyo kina thamani kwa sababu ya mahali kilipo. Kikiwa juu ya kaburi la Mtangata ni ushahidi, kama vile vipande vya Qumran ni ushahidi kwa kuwa pango lao linajulikana.

Aliyeziondoa bakuli za Tongoni hakuwa Senakeribu. Yumkini walikuwa watu wengi, kwa nyakati mbalimbali, kila mmoja akiondoka na kimoja. Na wanaopita leo barabarani bila kushuka hawamdhuru mtu. Lakini faradhi ya kifaya ina hesabu yake, na mji ambao kila mtu anamtegemea mwenzake akalinde makaburi hujikuta hauna mlinzi. Nguzo zilizolala pale ziliinuliwa na watu waliotaka walio wao waonekane hata kwa aliye baharini. Walitimiza la kwao. Lililobaki si la kwao tena.

Kabla ya kumtuma mwanawe safari ya Umedi, kipofu Tobiti alimpa wasia. Hakuanza na fedha. Alimwagiza kwamba atakapokufa amzike vema, na kwamba mama yake, wakati wake ukifika, amzike ubavuni pake, katika kaburi moja. Baada ya hapo ndipo akamwambia mahali ilipo fedha, na kijana akatoka kumtafuta mtu anayeijua njia.